Ndoto Inayorudi Kila Usiku, na Namna Tiba Inavyoigeuza

Ni saa tisa za usiku na mtaa wote umenyamaza. Mama mmoja wa Likoni anazinduka na kuketi kitandani, leso imemganda mwilini kwa jasho, moyo unamwenda mbio kama aliyekimbizwa. Mumewe, ambaye amekwisha zoea, anauliza bila ya kufumbua macho, "Ni ile ile?" Naye anajibu, "Ni ile ile." Hapaongezwi neno. Mama anaondoka taratibu, anakwenda uani kunywa maji, na huko hukaa mpaka ikaadhiniwa alfajiri. Anachelea kurudi kulala, asije akaikuta ndoto inamngoja pale pale alipoiacha.

Mama huyu tumemchora kwa mfano, na tutamwita Mama Rukia, ili tupate mtu wa kufuatana naye katika makala haya. Msiba tuliomtwisha, hata hivyo, si wa kubuni. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaza abiria kupita kiasi ilipinduka karibu na gati la Mtongwe, na watu zaidi ya 270 wakafariki dunia. Zimo nyumba nyingi katika mji wetu ambazo siku ile haijazitoka. Katika mfano wetu, Mama Rukia alikuwa msichana wa miaka 22, na aliyezama alikuwa nduguye mdogo. Tangu hapo ndoto ni moja: yeye amesimama ufukweni, nduguye anamwita kutoka majini, miguu yake imezama mchangani haiwezi kunyanyuka, na sauti ya kuitikia haimtoki. Huamka kabla ya mwisho. Kwa miaka thelathini hajapata kuuona mwisho wa ndoto hiyo.

Wengi wetu hudhani kwamba ndoto iliyodumu muda mrefu kiasi hicho imekuwa sehemu ya mtu, kama kovu, na kwamba hapana la kufanya ila kuvumilia. Sivyo ilivyo. Ndoto inayojirudia inaweza kubadilika, na mara nyingi hubadilika pale mwenyewe anaposaidiwa kuikabili akiwa macho. Tena mabadiliko hayo yana mwendo wake, ambao mtu akiujua hatishwi nao wala hakati tamaa katikati ya njia.

Aina tatu za ndoto

Sisi Waislamu hatukuachwa gizani katika jambo hili. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alizigawa ndoto katika mafungu matatu: ndoto njema ambayo ni bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa Shetani, na ndoto itokanayo na yale ambayo mtu huizungumza nafsi yake. Tukafundishwa pia adabu za anayeota jambo la kumchukiza: ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari yake, ateme mate mepesi kushotoni mara tatu, ageuke ubavu mwingine, ainuke aswali akipenda, na asiihadithie kwa watu.

Fungu la tatu ndilo tunalolisahau mara nyingi. Mama akiota ndoto mbaya, haraka hukimbilia kwenye mawili ya kwanza. Huuliza kama ni bishara ya jambo litakalotokea, au kama ametupiwa jicho, au kama nyumba ina kitu. Hufukizwa ubani, huandikiwa kombe, na pengine huambiwa na jirani kwamba maiti anayemwita anataka kumchukua. Dua na kisomo ni ngome ya muumini na hatuna la kupunguza katika hayo. Lakini mtu aliyepatwa na msiba mkubwa, aliyepigwa, aliyedhulumiwa mwili wake, aliyeponea chupuchupu katika ajali au aliyemzika mwana, nafsi yake ina mengi ya kujizungumzia. Mazungumzo hayo hayakomi kwa kuwa mwili umelala.

Kwa nini hurudi

Usingizi wa usiku mmoja huenda kwa mizunguko, na kila mzunguko huchukua kadiri ya dakika 90. Katika kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, ubongo ukawa unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, na misuli ya mwili ikalegea kabisa. Kipindi hiki kilitambuliwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, nacho ndicho chenye ndoto nyingi na zilizo wazi kuliko nyinginezo. Kila alfajiri inapokaribia, vipindi hivi hurefuka. Ndiyo sababu ndoto za kutisha za watu wazima huja zaidi katika nusu ya pili ya usiku, na mwenyewe huamka akikumbuka kila kitu.

Ndoto ya kawaida huchanganya. Huchukua jambo la jana, ikalitia katika nyumba ya utotoni, ikamleta mtu wa sokoni na marehemu wakaketi pamoja. Kwa kuchanganya hivyo, jambo zito hupata majirani, likapungua uzito. Ndoto ya kiwewe haichanganyi. Huleta tukio lile lile, kwa namna ile ile, na hofu inapofika kileleni mtu huamka. Kwa kuwa ameamka katikati, hadithi haikumalizika, na nafsi haikupata nafasi ya kujifunza kwamba hatari imepita.

Kisha mchana huiongezea nguvu. Mama Rukia havuki kwa feri isipokuwa kwa dharura, hatazami picha za nduguye, na jina lake halitaji. Usiku huchelewa kulala kwa makusudi, akisingizia kufua au kupanga vyombo. Lakini mwili ulionyimwa usingizi hulipiza: unapopata nafasi hukimbilia kwa nguvu kwenye kile kipindi cha ndoto. Hivyo lile analolikimbia ndilo analolijongelea.

Makadirio ya wataalamu ni kwamba, katika kila watu wazima 100, wapata wawili hadi wanane husumbuliwa na ndoto za kutisha kiasi cha kuharibikiwa na usingizi au shughuli zao. Kwa waliopatwa na kiwewe, idadi ni kubwa zaidi. Basi Mama Rukia si peke yake, ingawa pale uani saa tisa za usiku huona kana kwamba ni yeye tu.

Je, kuisimulia si kuvunja adabu?

Hapa ndipo akina mama wengi hukwama. Wanajua kwamba ndoto mbaya haihadithiwi, na mshauri nasaha jambo la kwanza atakalotaka ni kuisikia. Basi huchagua kunyamaza, wakaona kunyamaza ndiyo dini.

Sisi si mufti, na mwenye shaka amwendee sheikh anayemwamini. Lakini tuitazame hekima ya katazo hilo kama wanavyuoni wanavyoieleza. Ndoto mbaya ikitawanywa ovyo humwongezea mwenyewe hofu, na humfungulia mlango mjuzi wa uongo kuifasiri vibaya. Mgonjwa aketiye mbele ya tabibu haombi kufasiriwa. Anaonyesha jeraha ili litibiwe, kama ambavyo mwanamke huonyesha kwa daktari mahali ambapo hangepaonyesha kwa mwingine.

Tukumbuke pia kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Alipoota, alimweleza baba yake, na baba yake akamtahadharisha asiwaambie ndugu zake. Hapakuwa na katazo la kusema. Palikuwa na kuchagua wa kumwambia. Na katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Khalid bin Walid (R.A.), jemadari aliyeitwa Upanga wa Mwenyezi Mungu, alimweleza Mtume (S.A.W.) kuwa hupatwa na hofu usingizini. Hakukemewa wala hakuambiwa imani yake ni haba. Alifundishwa maneno ya kujikinga. Ikiwa mwanamume aliyesimama mbele ya majeshi hakuona aibu kusema kwamba usiku humtisha, hapana haja ya mama wa Likoni, wala wa Lamu, wala wa Malindi, kuona haya.

Linalofanyika katika tiba

Zamani matabibu wengi walidhani kwamba ndoto ni tawi tu la maradhi, na kwamba shina likitibiwa tawi litakauka lenyewe. Baadaye ikaonekana kwamba ndoto yenyewe yaweza kutibiwa moja kwa moja, na kwamba ikitulia, mengine nayo huanza kutulia.

Utafiti unaotajwa sana ni wa daktari Barry Krakow na wenzake katika jimbo la New Mexico, Marekani, uliochapishwa mwaka 2001. Walishiriki wanawake 168 waliokuwa wamedhulumiwa kimwili, na ambao ndoto za kutisha zilikuwa zimewaandama kwa muda mrefu. Kundi moja lilitibiwa kwa vikao vitatu tu. Kundi la pili lilisubiri zamu yake. Waliotibiwa ndoto zao zilipungua, usingizi ukawa mwema zaidi, na hata dalili za mchana, kama vile kushtuka ovyo na kurudiwa na kumbukumbu kwa nguvu, zikapungua kuliko za wale waliosubiri. Mwaka 2018 chuo cha madaktari wa tiba ya usingizi cha Marekani kikaitaja njia hiyo kuwa ndiyo inayopendekezwa kwa ndoto za kutisha.

Njia yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mgonjwa huchagua ndoto moja, na ni bora isiwe ile nzito kuliko zote. Huiandika, au huisimulia kwa mshauri akiwa hana mazoea ya kuandika. Kisha huambiwa aibadilishe apendavyo. Hapangiwi cha kubadilisha. Aweza kubadilisha mwanzo, mwisho, mahali, au kitu kidogo kisicho na maana kwa mwingine. Akishaitunga upya, huiandika ndoto hiyo mpya, na kila siku akiwa macho, mahali patulivu, huipitisha akilini kwa dakika kumi hadi ishirini kana kwamba anaitazama. Ile ya zamani hairudii. Baada ya siku kadhaa, akiwa tayari, huchukua nyingine.

Huku si kuudanganya moyo. Mgonjwa hafundishwi kusema kwamba msiba haukutokea. Hufundishwa kwamba picha zilizo kichwani mwake ni zake, na kwamba ana mkono ndani yake. Kama vile mtu awezavyo kuzoea woga kwa kuurudia kila usiku, ndivyo awezavyo kuzoea picha nyingine kwa kuirudia kila mchana.

Tumrejee Mama Rukia. Mshauri wake, mwanamke wa makamo aliyefunzwa kazi hiyo, alimpokea kwa upole.

"Mama, katika ndoto hiyo, ungeweza kubadilisha kitu kimoja, ungebadilisha nini?"

"Ningemtoa majini, mwanangu."

"Jaribu basi."

Alijaribu juma zima, na picha haikukaa. Kila alipomtoa nduguye, moyo ulimwambia kwamba si kweli. Juma la pili akarudi na jambo dogo kabisa: alibadilisha mchanga. Katika ndoto yake mpya maji yamekupwa, na mchanga umekuwa mgumu kama unavyokuwa maji yakitoka, mtu akaweza kutembea juu yake. Hatembei mbali. Anafika pale maji yanapogusa vidole, nduguye anaita, naye anaitika, "Nipo, mdogo wangu." Hayo tu. Hayo ndiyo aliyoyapitisha akilini kila siku baada ya swala ya alasiri, akiwa ameketi juu ya msala wake.

Mwendo wa mabadiliko

Mtu anayeanza tiba hutarajia mambo mawili: ama ndoto ikome, ama ibaki. Aghalabu hutokea la tatu, ambalo hakulitarajia. Ndoto huanza kugeuka.

Daktari Ernest Hartmann wa Boston, aliyezichunguza ndoto za waliopatwa na misiba kwa miaka mingi, alieleza vizuri mwendo huu. Mtu aliyeponea moto, kwa mfano, aweza kuacha kuota moto na badala yake akaota wimbi kubwa la bahari linamfunika. Tukio limetoweka, hofu imebaki, na imejitafutia picha nyingine. Kwa mwenyewe hili laweza kuonekana kama maradhi mapya, kumbe ni hatua. Nafsi imeanza kuchanganya, na kuchanganya ndiyo kazi ya ndoto iliyo nzima. Baadaye hisia zenyewe hubadilika: hofu hupisha unyonge, unyonge hupisha majuto ya aliyesalimika, na mwishowe huja huzuni ya kawaida ya aliyefiwa.

Katika mfano wetu, majuma ya mwanzo ndoto ya Mama Rukia ilikuja kama ilivyokuwa, ila mara moja, ndani yake, alijua kwamba ni ndoto. Mwezi wa pili bahari ikamfuata nyumbani. Akaota maji yanaingia jikoni na sufuria zinaelea. Alishtuka, akataka kuacha tiba. Mshauri akamtuliza: maji yaliyotoka Mtongwe yakaingia jikoni si maji yale yale. Baadaye akamwota nduguye ameketi barazani, amempa mgongo, anakunywa kahawa. Hakumwita. Na katika mwezi wa tano akaota wanatembea wawili ufukweni, maji yamekupwa mbali, hapana anayesema neno. Aliamka analia.

Mumewe akauliza katika giza, "Ni ile ile?"

"La," akasema. "Leo nimemwona uso."

Kilio hicho mtu asidhani ni kurudi nyuma. Kwa miaka thelathini hofu haikumwachia nafasi ya kumlilia nduguye. Siku ilipoondoka, machozi yakapata njia. Asubuhi yake alilifungua kabati akatoa picha, akamwombea dua na kumtolea sadaka, na jina lake likatajwa nyumbani mbele ya wajukuu.

Dalili nyingine za kupona hupatikana hata kabla ndoto haijaondoka. Mwotaji aliyekuwa ameganda huanza kutembea. Aliyekuwa bubu husema. Aliyekuwa peke yake hupata mtu ndotoni. Aliyekuwa akifukuzwa hugeuka akauliza, "Wanitakia nini?" Ndoto iliyokuwa ikimwamsha mara tano kwa juma humwamsha mara moja, na akiamka hurudi kulala badala ya kusubiri alfajiri. Mtaalamu huyauliza haya yote, na ndiyo sababu huwashauri wagonjwa waweke daftari ndogo kando ya kitanda.

Si misiba ya mauti tu iliyo na mwendo huu. Rosalind Cartwright, mtafiti wa usingizi wa Chicago, aliwafuatia watu waliokuwa wakiachana na wake au waume zao na walioingiwa na huzuni kubwa. Aligundua kwamba wale walioota habari za waliotengana nao walielekea kuwa na hali njema zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko wale wasioota. Basi mwanamke aliye katika eda, akimwota aliyekuwa mumewe, asidhani kwamba ni lazima moyo wake umeshindwa kuachilia. Yumkini ndiyo njia ya nafsi ya kuiweka habari hiyo mahali pake.

Si njia iliyonyooka

Hatutaki kumwahidi msomaji zaidi ya yaliyopo. Ndoto iliyotulia yaweza kurudi kwa siku chache mwaka wa msiba unapotimia, siku za Idi wakati nafasi ya marehemu inapoonekana wazi kwenye sinia, au habari inayofanana inapotangazwa. Mwezi Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na bintiye, bila shaka wako waliorejeshwa Mtongwe usiku ule. Ndoto ikirudi hivyo, mtu huirejea dawa yake: anaipitisha ile picha mpya, wala asione kazi yote imepotea.

Wako pia wasiosaidika kwa njia hii pekee. Aliye na maradhi mazito ya akili, au ambaye kiwewe chake ni kibichi mno, atahitaji tiba pana zaidi chini ya daktari. Dawa za vidonge zipo, lakini si muujiza. Prazosini, dawa ya shinikizo la damu iliyotumainiwa sana, haikuonekana kushinda vidonge visivyo na dawa katika utafiti mkubwa wa wanajeshi wastaafu wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, ingawa wako madaktari wanaoiona ikiwafaa baadhi ya wagonjwa. Tena baadhi ya dawa zenyewe huleta ndoto kali, kama vile mefloquine ya kukinga malaria na efavirenz ya virusi vya Ukimwi. Aliyeanza kuota vibaya baada ya kuanza dawa mpya amweleze daktari wake. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kukabwa, na vilio vya watoto

Yako mambo mawili ambayo huchanganywa na ndoto za kutisha, nayo yanahitaji jibu jingine.

La kwanza ni kule kukabwa na jinamizi: mtu yu macho, anaona chumba, lakini hawezi kunyanyua hata kidole, na huhisi uzito kifuani au mtu amesimama pembeni. Kumbuka tulivyosema kwamba katika kipindi cha ndoto misuli hulegea. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili kuachiliwa, na mabaki ya ndoto yakaendelea mbele ya macho. Hupita kwa sekunde chache au dakika chache, na hakudhuru mwili. Huwapata zaidi waliokosa usingizi wa kutosha na wanaolala chali. Kulala kwa ubavu wa kulia, kama tulivyofundishwa, ni sunna na ni msaada.

La pili ni mtoto anayepiga ukelele katika sehemu ya mwanzo ya usiku, macho yamekodoka, hamtambui hata mamake, na asubuhi hakumbuki lolote. Huyu hakuota ndoto. Amezinduka nusu kutoka katika usingizi mzito. Asitikiswe wala asipigiwe kelele. Alindwe asijiumize mpaka atulie, na aghalabu hali hiyo humtoka akikua. Mtoto aliyeota kweli huamka, humkimbilia mzazi na husimulia. Huyo apakatwe, asomewe Muawidhatayni, na kesho yake mchana apewe karatasi achore ile ndoto, kisha achore mwisho mwingine autakao. Watoto ni wepesi kwa kazi hii kuliko sisi wakubwa.

Lini kutafuta msaada, na wajibu wa nyumba

Ndoto mbaya ya mara moja moja ni ya kila mtu. Lakini ikiwa hurudi kila juma kwa mwezi au zaidi, ikiwa umeanza kuogopa kitanda, ikiwa mchana huna nguvu, una hasira, au unaepuka watu na mahali, ni wakati wa kutafuta mtaalamu. Anza na daktari katika hospitali au zahanati iliyo karibu, uulizie huduma ya afya ya akili au mshauri nasaha. Una haki ya kuomba mwanamke mwenzako, na una haki ya kujua amefunzwa wapi. Na ikiwa pamoja na ndoto umeingiwa na fikra kwamba heri usingekuwapo duniani, usingoje hata kesho. Mwambie mtu wa karibu, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa waliomo nyumbani, yapo machache yanayosaidia. Mume aliyezinduliwa asikemee. Awashe taa, ampe mkewe maji, amwambie yuko wapi na ni siku gani. Mavyaa asimwambie mkaza mwana kwamba ndoto hizo ni upungufu wa ibada. Jirani asiwe mfasiri wa asiloulizwa. Na mama mwenyewe azishike adabu za usingizi, wudhu na nyiradi zake, kisha asubuhi aende kwa mtaalamu. Hakuna ugomvi kati ya mambo haya mawili. Tumeamrishwa kutafuta dawa, na aliyeteremsha maradhi ameteremsha na dawa yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliobaki, na aujaalie usiku wetu kuwa wa mapumziko kama alivyouumba uwe. Amin.